Dada wa Mendelssohn: Maisha ya Bibi Fanny Hensel (1805–1847)

Katika harusi nyingi makanisani mwetu, maharusi wanapogeuka kutoka mbele ya madhabahu kuelekea mlangoni, mpiga kinanda hupiga muziki mmoja wa shangwe ambao hata watoto wanaujua. Na Noeli ikifika, tunauimba ule wimbo wa malaika wakimshangilia Mfalme aliyezaliwa. Muziki huo wa harusi na sauti ya wimbo huo wa Noeli vilitungwa na mtu mmoja, Mjerumani aitwaye Felix Mendelssohn, katika miaka ya 1842 na 1840. Jina lake linajulikana dunia nzima. Lakini Felix alikuwa na dada mkubwa, Fanny. Dada huyu alitunga vipande vya muziki zaidi ya 450, na zaidi ya 100 kati ya hivyo ni vya piano peke yake. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kufa kwake, wachache tu walijua kwamba alikuwa mtungaji. Mwezi huu tunasimulia maisha yake.

Fanny alizaliwa mjini Hamburg tarehe 14 Novemba 1805, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Abraham Mendelssohn, mwenye benki, na mkewe Bibi Lea. Babu yake mzaa baba, Moses Mendelssohn, alikuwa Myahudi na mwanafalsafa mwenye sifa kubwa. Felix alizaliwa mwaka 1809, kisha wakafuata Rebecka na Paul. Mwaka 1811 familia ilihamia Berlin, na mwaka 1816 watoto wote wanne wakabatizwa katika Kanisa la Kiprotestanti. Wazazi wao walibatizwa baadaye, mwaka 1822.

Mwalimu wa kwanza wa piano wa Fanny alikuwa mama yake. Baadaye yeye na Felix walifundishwa na walimu wale wale, nao ni Ludwig Berger kwa piano na Carl Friedrich Zelter kwa utungaji. Walikaa darasa moja, wakasahihishiana kazi, na kila mmoja alimwamini mwenziwe kuliko mtu mwingine yeyote. Fanny alipokuwa na umri wa miaka 13 alimpa baba yake zawadi ya siku ya kuzaliwa. Alipiga vipande 24 vya Bach bila kutazama kitabu hata kimoja. Kumbuka, msomaji, kwamba vipande hivyo huwatoa jasho hata watu wazima waliosomea kazi hiyo.

Mwaka 1820, Fanny akiwa na miaka 14, Mzee Abraham alimwandikia barua. Alimweleza kwamba kwa Felix huenda muziki ungekuwa kazi ya maisha yake, bali kwake yeye ungebaki pambo tu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza nyumba. Mzee huyu hakuwa mkatili. Aliwapenda watoto wake na alitumia fedha nyingi kuwasomesha. Lakini siku zile, katika nyumba za matajiri, ilikuwa aibu kwa binti kuuza kazi ya mikono yake au kupiga muziki mbele ya watu waliolipa kiingilio. Clara Schumann, aliyekuwa binti wa mwalimu wa piano, aliweza kuzunguka miji ya Ulaya akipiga piano kwa malipo. Fanny, binti wa mwenye benki, hakuruhusiwa.

Lakini hakuacha kutunga. Nyimbo zake sita zilichapishwa katika vitabu viwili vya nyimbo za Felix, kimoja mwaka 1827 na kingine mwaka 1830, na zote zilitoka kwa jina la Felix. Jambo hilo lilifichuka kwa namna ya ajabu. Mwaka 1842 Felix alialikwa London katika jumba la Malkia Victoria. Malkia alipenda kuimba, akachagua wimbo mmoja kutoka katika vitabu vya Felix na kuuimba mbele yake. Ulikuwa wimbo wa Fanny. Felix akaona haya, akakiri mbele ya Malkia kwamba aliyeutunga ni dada yake. Tumsifu kwa kusema kweli. Hata hivyo, jina katika kitabu lilibaki lile lile.

Mwaka 1828 Fanny alitunga sonata ya Pasaka. Sonata ni muziki mrefu wa chombo kimoja uliogawanywa katika sehemu kadhaa. Katika sehemu ya mwisho piano inatetemeka na kuunguruma, kama tetemeko la nchi na kupasuka kwa pazia la hekalu siku ile ya Ijumaa Kuu. Kisha ngurumo zinatulia, na unasikika wimbo wa kale wa kanisa wa kumwomba Kristo, Mwana-Kondoo wa Mungu. Msichana wa miaka 22 alihubiri Mateso ya Bwana kwa vidole vyake. Sonata hiyo haikuchapishwa, na baadaye ikapotea.

Tarehe 3 Oktoba 1829 Fanny aliolewa na Wilhelm Hensel, mchoraji, mtoto wa mchungaji. Felix alikuwa ameahidi kuleta muziki wa harusi, lakini aliumia mguu katika ajali ya gari la farasi huko London na hakuweza kusafiri. Basi usiku wa kuamkia harusi, bibi harusi mwenyewe aliketi akatunga muziki wa kutokea kanisani. Ndiyo maana nimeanza habari hii na harusi. Muziki wa mdogo wake umewasindikiza maharusi wasiohesabika duniani, na ule wa dada ulimsindikiza yeye mwenyewe.

Wilhelm hakujua muziki, lakini alikuwa mume wa namna yake, kwani alimhimiza mkewe atunge na hata achapishe. Mwaka 1830 walipata mtoto wao wa pekee, wakamwita Sebastian kwa heshima ya Bach. Kuanzia mwaka 1831 Fanny alisimamia muziki wa Jumapili katika nyumba ya wazazi wake mjini Berlin. Aliunda kwaya, akaifundisha na kuiongoza, na yeye mwenyewe akapiga piano. Wageni walijaa ukumbini, na hata Franz Liszt alifika kusikiliza. Kwa kuwa hakuna aliyelipa kiingilio, familia haikuona aibu. Nje ya nyumba yao anakumbukwa kupiga mbele ya umma mwaka 1838, katika tamasha la kuwasaidia maskini, na kazi aliyoipiga siku ile ilikuwa ya Felix.

Mzee Abraham alifariki mwaka 1835. Mwaka 1837 Bibi Lea alimwomba Felix amtie moyo dada yake achapishe kazi zake. Felix alikataa. Alisema kwamba Fanny akiamua mwenyewe atamsaidia, lakini yeye hatamshauri kufanya hivyo, kwa kuwa dada yake ana nyumba ya kutunza. Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Fanny angeweza kustahimili maneno ya watu wa nje. Aliyemfungia mlango ni yule aliyempenda kuliko wote, na aliyejua kuliko wote jinsi kipawa chake kilivyokuwa kikubwa.

Mwaka 1839 Fanny na Wilhelm na mtoto wao walisafiri kwenda Italia. Huko Roma wasanii vijana wa Kifaransa, mmoja wao Charles Gounod, walimzunguka jioni baada ya jioni wakimwomba awapigie Bach na Beethoven. Hapo alijiona anaheshimiwa kama mwanamuziki kamili. Aliporudi Berlin alitunga kazi yake kubwa ya piano, aliyoiita Mwaka, iliyokamilika mwaka 1841. Ina vipande 12, kimoja kwa kila mwezi, pamoja na kimoja cha kufungia. Machi ina wimbo wa Pasaka, Desemba ina wimbo wa Noeli, na mwisho unasikika wimbo wa kuuaga mwaka uliokwisha. Fanny aliinakili kwa mkono wake katika karatasi za rangi mbalimbali, na Wilhelm akachora picha kwa kila mwezi. Ilikuwa kazi ya mume na mke. Nayo pia ilikaa sandukuni, ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1989.

Hatimaye, mwaka 1846, wachapaji wa Berlin walipomjia wakiomba kazi zake, Fanny aliamua mwenyewe. Alimwandikia Felix kumjulisha, akakiri kwamba akiwa na miaka 40 aliwaogopa ndugu zake kama alivyomwogopa baba yake akiwa na miaka 14. Felix alikawia kujibu, lakini mwezi wa Agosti alimpelekea baraka zake. Vitabu vya kwanza vikatoka, vya nyimbo na vya piano, vikiwa na jina la Fanny Hensel.

Furaha hiyo haikufika mwaka mzima. Tarehe 14 Mei 1847 alikuwa akifanya mazoezi ya muziki wa Jumapili, akiongoza kazi ya Felix kutoka kwenye piano, mara mikono yake ikafa ganzi. Alikuwa amepatwa na kiharusi, na usiku ule ule akafariki akiwa na miaka 41. Felix alipopata habari alilemewa na huzuni. Alitunga kazi moja kubwa ya majonzi, na tarehe 4 Novemba mwaka ule ule naye akafariki. Makaburi yao yako pamoja huko Berlin.

Na ile sonata ya Pasaka? Mwaka 1970 nakala yake iliyoandikwa kwa mkono ilionekana Paris katika duka la vitabu, ikiwa na herufi F na jina la Mendelssohn. Watu walisema F hiyo ni Felix, na mwaka 1972 ikarekodiwa kwa jina lake. Mwaka 2010 mtaalamu wa Kimarekani, Angela Mace Christian, aliichunguza. Aliona kwamba mwandiko ni wa Fanny, na kwamba namba za kurasa zinalingana na kurasa zilizokosekana katika daftari la Fanny lililohifadhiwa Berlin. Mwaka 2012 sonata hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza kwa jina la mwenyewe, miaka 184 baada ya kutungwa.

Wahenga walisema chema chajiuza. Ni kweli, lakini chema kilichofungiwa sandukuni hakijiuzi. Katika mfano wa talanta, mtumishi aliifukia talanta yake mwenyewe. Fanny hakuifukia yake, bali aliifanyia kazi hadi siku ya kufa. Waliotaka ibaki chini ya udongo walikuwa watu wema, wenye upendo, walioamini kwamba wanamlinda.

Basi sisi wazazi, na sisi makaka, tujiulize. Kuna binti gani katika nyumba zetu ambaye tumemwambia kwamba kipawa chake ni pambo tu? Na siku kwaya itakapoimba wimbo mpya, tuulize umetungwa na nani, kisha jina lake litajwe.