Mbaruk bin Rashid: Mwana wa liwali aliyefia ugenini

Ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa kutoka Ngome ya Yesu kwa takriban karne moja, hadi mwaka 1837 ulipoangushwa na Seyyid Said. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni, asirejee tena.

Mwanawe, Mbaruk, alijiimarisha Gazi, kusini mwa kisiwa, na kuwaasi masultani wa Zanzibar mara kadhaa. Mwaka 1895 mzozo wa urithi ulizuka Takaungu. Waingereza walipomtawaza waliyemtaka wao, Mbaruk hatimaye alimuunga mkono jamaa yake aliyenyimwa kiti. Vita viliendelea hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Mombasa ya babu zake hakuitawala hata siku moja.