Abul-Qaasim Az-Zahraawiy: Tabibu Aliyeshona Utumbo kwa Uzi wa Utumbo

 

Ndugu Waislamu, ni nadra kuikuta familia visiwani mwetu isiyo na mtu aliyepasuliwa: mama aliyejifungua kwa upasuaji, mtoto wa ngiri, au kijana aliyetolewa kidole tumbo. Mgonjwa huambiwa kuwa nyuzi za ndani hazitotolewa, zitayeyuka zenyewe. Miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika juu ya uzi wa namna hiyo ni tabibu wa Kiislamu wa Andalus, na inafaa watoto wetu wamjue.

Jina Lake na Kuzaliwa Kwake

Ni Abul-Qaasim Khalaf bin 'Abbaas Az-Zahraawiy. Nasaba yake ilirejea kwa Answaar wa Madiynah. Alizaliwa karibu na mwaka 936 (325H) Madiynatuz-Zahraa, mji ulio nje kidogo ya Qurtubah, ambao Khalifa 'Abdur-Rahmaan wa Tatu alianza kuujenga wakati huohuo. Wazungu walimwita Abulcasis.

Kazi na Kitabu Chake

Alitibu watu kwa karibu miaka 50. Kiasi cha mwaka 1000 alikamilisha kitabu chake, At-Taswriyf, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji: kuchoma kwa chuma cha moto, kukata na kushona, na kuunga mifupa. Ndani yake alichora vyombo vya kazi takriban 200, ili mwanafunzi aone umbo la kila kimoja kabla ya kukishika. Aliwaonya wanafunzi kuwa asiyejua maumbile ya mwili wa binaadamu asithubutu kushika kisu, kwani ataua.

Aliandika pia aliyoyashuhudia mwenyewe. Mjakazi mmoja alijikata koo kwa kisu, na pumzi ikawa inatokea kwenye jeraha. Az-Zahraawiy alipoitwa alikuta mishipa mikubwa ya damu imesalimika, akalishona lile jeraha, na msichana akapona. Kilichobaki ni sauti yenye mkwaruzo kidogo. Tabibu huyu hakujisifu kwa hilo. Alichoka nacho ni funzo moja: kukatwa kwa koromeo peke yake si lazima kuwe kifo.

Uzi wa Utumbo

Mtihani mkubwa ulikuwa jeraha la tumbo lililofika kwenye utumbo. Ngozi ikishonwa kwa uzi wa kawaida, uzi hutolewa baadaye. Lakini nani atalifungua tumbo tena kwenda kuutoa uzi wa ndani? Az-Zahraawiy alieleza njia ya sisimizi wenye vichwa vikubwa: wanaachwa waume kingo za jeraha, kisha wanakatwa viwiliwili na vichwa vinabaki vimeshika. Na akaeleza kushona kwa uzi mwembamba uliotolewa katika utumbo wa mnyama.

Uzito wa suala hilo unaonekana hata huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1879, huko Bunyoro, Uganda ya leo, Robert Felkin alimwona mganga wa kienyeji akimpasua mama na kumtoa mtoto. Tumbo lilifungwa kwa pini saba za chuma zilizozungushiwa kamba ya magome ya mti, na pini zote zilitolewa ndani ya siku sita. Lakini mfuko wa uzazi wenyewe haukushonwa. Mama yule alipona, ila kwa ndani mganga hakuwa na uzi wa kuuacha.

Uzi wa utumbo uliendelea kutumika hadi zama zetu. Hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Ule wa kawaida hupoteza nguvu zake ndani ya siku 7 hadi 10, na mwili huumaliza kwa takriban siku 70. Leo nyuzi nyingi ni za viwandani, na maji ya mwilini huzivunja kidogo kidogo.

Kufariki Kwake

Alifariki karibu na mwaka 1013 (404H), katika miaka ya fitna iliyouangamiza mji aliozaliwa. Kitabu kilisalimika. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo, na matabibu wa Ulaya wakaisoma kwa mamia ya miaka.

Mazingatio

Az-Zahraawiy akishafunga jeraha hakuwa na njia ya kuuona uzi wake. Aliangalia homa, uvimbe na hali ya mgonjwa, akasubiri. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, huonesha mifupa vizuri lakini si uzi wa utumbo. Ultrasaundi ndiyo iliyosogeza pazia: huonesha maji au usaha uliojikusanya karibu na mshono, kovu la mfuko wa uzazi, na mara nyengine uzi wenyewe kama mstari unaong'ara. Watafiti nao hutumia picha za aina hii, na zile za sumaku, kufuatilia uzi unavyopungua bila ya kupasua tena. Uzi ukiisha mapema, jeraha huachia. Ukichelewa sana, huweza kuleta uvimbe.

Basi mama aliyepasuliwa, akiwa Unguja, Pemba au Izia kule Sumbawanga, asiache kurudi hospitali siku aliyopangiwa kwa kuwa ngozi ya juu imefunga. Maumivu yanayozidi, homa, au usaha ni sababu ya kurudi hata kabla ya siku hiyo. Na waume, nauli ya safari hiyo ni katika matunzo ya wake zenu, msiione kuwa ni ya ziada.

Allaah Amrehemu Az-Zahraawiy, na Awaponye wagonjwa wetu. Aamiyn.