Selous: kutoka gobole la kilo 6 hadi risasi ya Beho Beho



Juzi kwenye kompyuta za kulipia kulikuwa na ubishi mkali. Vijana wawili wanacheza gemu la wadunguaji, huyu anasema bunduki kali ni ile yenye mtutu mnene, yule anasema acha ushamba, kali ni ile inayopiga mbali na kupiga pale pale ulipolenga. Mimi nikawa nacheka tu, maana ubishi huo huo kuna mzee mmoja aliuishi kwa bega lake na shavu lake, na jina lake tumelibeba huku kusini zaidi ya miaka 100. Anaitwa Frederick Courteney Selous. Ndiyo, Selous ile ile ya pori, la huko Liwale kwa majirani zetu. Kuna watu wazima nimewauliza wakaniambia ni jina la mto.

Jamaa alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, mtoto wa watu wenye nafasi, akasoma shule ya Rugby. Kichwani alikuwa na kitu kimoja tu, kwenda Afrika kuwinda. Septemba 1871 akashuka kwenye meli Afrika Kusini, umri miaka 19, mfukoni pauni 400, na bunduki ya ndoto yake: rifle nzuri ya mitutu miwili, ya Reilly wa London, inayoshindiliwa risasi kwa nyuma. Kwa wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa habari ya mjini.

Akafika kwenye machimbo ya almasi, Kimberley ya leo. Bunduki ikaibiwa. Kwisha kazi!

Hapo ndipo hadithi inaponoga, maana kijana akalazimika kununua kile alichoweza kupata. Akachukua magobole mawili ya tembo, yaliyotengenezwa na Hollis wa Birmingham, aina waliyokuwa wakiitumia Makaburu. Yalikuwa ya saizi namba 4. Msichanganye, namba ikiwa ndogo ndipo bunduki inakuwa kubwa. Maana yake ni kwamba ukichukua ratili moja ya madini ya risasi unapata goroli 4 tu za kujaza mtutu huo. Kwa hiyo kila goroli ina gramu kama 113. Gobole lenyewe kama kilo 6, baruti anaibeba kwenye mfuko wa ngozi na kuimimina mtutuni kwa kiganja, hakuna mizani wala nini. Goroli anazo mfukoni. Anakimbia nyuma ya tembo huku anashindilia.

Na alikimbia kwa miguu kweli, maana nchi ile ya mbung'o farasi walikuwa wanakufa. Mwalimu wake kwenye kazi hiyo alikuwa Mwafrika, Mkhoikhoi mmoja aliyeitwa Cigar, ambaye zamani alikuwa anaendesha farasi wa mashindano. Selous mwenyewe alikiri kwenye kitabu chake cha mwaka 1881 kwamba Cigar ndiye aliyemfundisha kumfuata tembo kwa miguu, na kwamba alimtendea vizuri wakati yeye ni mgeni asiyejua kitu. Mimi nimemkumbuka Cigar hapa makusudi. Hakuna pori lililopewa jina lake.

Kwa magobole hayo, kati ya 1872 na 1874, Selous aliua tembo 78. Lakini subirini msikie gharama yake. Siku moja gobole lilikataa kuwaka, fataki imelia lakini baruti haikushika. Mbebaji akadhani halina kitu, akashindilia tena juu ya ile ya kwanza. Selous akamlenga tembo, akavuta. Baruti mara mbili, wadau! Alirushwa chini, bunduki ikapaa juu ya kichwa chake, shavu likachanika, na mkono wa kulia ukawa kama si wake.

Na hata lilipowaka vizuri lilikuwa linapiga teke vibaya. Teke kama lile ukilipata kila siku, mwili unajifunza kuogopa. Kidole kinavuta huku macho yanafumba, bega linajikunyata kabla mlio haujatoka, na risasi inaenda kwingine. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba magobole yale yaliharibu ulengaji wake, na kwamba anajuta kuyagusa. Rafiki yake Millais, aliyeandika maisha yake, naye hakumsifia kuwa bingwa wa shabaha. Alimwona mlengaji wa kawaida tu, ila mwenye moyo wa kufuatilia. Kwa hiyo wale wanaodhani mwindaji maarufu lazima awe hakosi, poleni.

Alipopata pesa hakurudia kosa. Akahamia kwa Gibbs wa mji wa Bristol. Bunduki yake ilikuwa ya mfumo wa Farquharson, inalishwa risasi moja moja kwa nyuma, na ndani ya mtutu ina mifuo ya kuzungusha risasi aliyoibuni Metford. Sasa hapa wapenda shabaha fungueni macho. Bunduki za Gibbs na Metford ndizo zilizokuwa zikitamba kwenye mashindano ya kulenga mbali kule Wimbledon, Uingereza, miaka ya 1880.  Yaani jamaa alichukua ujuzi wa uwanja wa shabaha akaingia nao porini.

Tofauti ni nini? Goroli ya gobole ni duara, inatoka polepole, inapambana na upepo na kushuka haraka. Risasi ndefu iliyozungushwa na mifuo inakwenda kama pia, haiyumbi, inafika mbali ikiwa bado imenyooka. Halafu teke lake ni dogo, mlengaji haogopi, kwa hiyo anavuta taratibu. Baadaye baruti isiyotoa moshi ilipokuja, akapungua tena saizi na kutumia bunduki ya tundu dogo zaidi ya Holland & Holland. Kila alivyozeeka bunduki ilizidi kuwa ndogo. Yule kijana wa mtutu mnene ameshashindwa hapo.

Sasa upande ambao simsifii. Mwaka 1872 alikwenda Bulawayo kumwomba ruhusa Lobengula, mfalme wa Wandebele. Mfalme alimwona katoto, akamcheka, akamruhusu aende awinde apendako. Mwaka 1890 katoto kale kakarudi kakiwa kiongozi wa njia wa msafara wa Cecil Rhodes, kakiwapitisha watu wenye silaha kwenda kuichukua Mashona. Njia zile alizijua kwa sababu ya ukarimu aliopewa. Mwaka 1893 vita ikaja, Wandebele wakapigwa kwa bunduki za rashasha za Maxim, Lobengula akakimbia na kufia mafichoni. Selous alikuwemo kwenye vita ile upande wa kampuni ya Rhodes. Alijeruhiwa, akapona.

Angeweza kuzeeka nyumbani Uingereza na mkewe Gladys na watoto. Lakini vita ya 1914 ilipoanza, mzee akaomba kwenda. Wakamkatalia kwa sababu ya umri. Akang'ang'ania mpaka 1915 akaingia kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, umri miaka 63, akaletwa Afrika Mashariki. Juni 1915 alikuwepo walipoivamia Bukoba. Mwaka 1916 aliugua, akarudishwa kwao kufanyiwa upasuaji, na bado akarudi tena. Kiukweli hapo mzee alikuwa noma.

Upande wa pili kulikuwa na askari wa von Lettow-Vorbeck. Wengi wao walianza vita na Mauser za mwaka 1871, zinazotumia baruti ya moshi. Ukifyatua tu, wingu linapanda na adui anajua ulipo. Kwa mdunguaji hicho ni kifo. Baadaye meli za Kijerumani zikapenya na silaha mpya. Moja, Marie, ilitia nanga Ghuba ya Sudi, hapa hapa pwani yetu ya kusini, Machi 1916, na mizigo ikapandishwa bara kwa vichwa vya wapagazi.

Tarehe 4 Januari 1917, siku 4 baada ya kutimiza miaka 65, Selous alikuwa Beho Beho, kaskazini ya Rufiji. Wadunguaji wa jeshi la Wajerumani walikuwa wamejificha na kuwasumbua Waingereza. Mzee akasogea mbele kuwatafuta walipo. Risasi ikampiga kichwani, akafa pale pale. Mtu aliyebadilisha bunduki miaka 40 akitafuta inayopiga mbali na kunyooka, akamalizwa na mtu aliyekuwa nayo. Walimzika hapo hapo Beho Beho, na kaburi lipo mpaka leo. Mwanawe mkubwa Freddy, rubani wa ndege za kivita, aliuawa Ulaya tarehe 4 Januari 1918. Mwaka mmoja kamili, siku ile ile.

Kikosi chake nacho kikaja kumalizikia kwetu. Ukitoka Nachingwea kwenda Lindi unapita Nyangao na Mahiwa, gari linasimama, unanunua korosho, unaendelea. Hapo Oktoba 1917 zilipiganwa siku 4 za vita mbaya kuliko zote za Afrika Mashariki. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, wengi wao si Waingereza bali askari wa Nigeria, Wahindi na KAR. Wachache waliobaki wa kikosi cha 25 walikwisha hapo.

Mwaka 1922 serikali ya Waingereza ikaliita pori la akiba Selous. UNESCO ikaliingiza kwenye urithi wa dunia 1982. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa hiyo kaburi la mzee sasa limo ndani ya jina la Mwalimu, na upande wa Liwale bado ni Selous. Tembo wenyewe walihesabiwa zaidi ya 109,000 mwaka 1976, na 2013 walibaki kama 13,000, na majangili wa siku hizi hawakutumia gobole.

Wapagazi walioshusha mizigo ya Marie pale Sudi, na wale waliowabebea Waingereza kutoka Lindi kupanda huku, walitoka kwenye vijiji vyetu. Mdau mwenye babu au bibi aliyesimulia habari za vita ile ya Mjerumani, Nyangao, Ruangwa, Liwale, popote, andika hapo chini jina la kijiji na alichosimulia. Nitazikusanya zote niziweke hapa.