Louis Pasteur na Wazimu wa Mbwa



Mwezi uliopita, katika avenyu yetu hapa Kikula, mbwa moja iliuma mtoto wa miaka 7 kwenye mguu. Vijana waliifukuza kwa mawe, wakaiua, wakaenda kuitupa. Kisha maneno yakaanza. Mmoja alitaka kupaka kitunguu saumu, mwingine alienda kutafuta lile jiwe nyeusi ambalo watu wanaweka juu ya meno ya nyoka. Bibi ya mtoto aliona kidonda ni kidogo tu, tena dawa ni bei, afadhali kungoja mshahara wa baba utoke. Mwalimu wetu wa biolojia, anayekaa nyumba ya pili, alifika akaomba sabuni na maji, basi. Aliosha kile kidonda karibu robo saa, mtoto akilia, huku akituambia habari za Mfaransa mmoja aliyekufa zamani. Ndiyo sababu nimetafuta maisha ya huyo mtu, na ninayaleta hapa.

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, kule Ufaransa. Baba yake alitengeneza ngozi, na mbele ya hapo alikuwa askari wa Napoleon. Jamaa ilihamia Arbois, mji mdogo wenye mashamba ya mizabibu. Mwaka 1831, Louis akikaribia miaka 9, mbwa-mwitu mwenye wazimu alishuka kutoka milimani akauma watu na nyama za kufugwa. (Ni ile nyama tunayoisoma katika vitabu vya Kifaransa kwa jina la loup.) Walioumwa walipelekwa kwa mhunzi, jirani ya kina Pasteur, akawachoma vidonda kwa chuma chekundu cha moto. Siku zile dawa ilikuwa hiyo. Hata hivyo wengi walikufa. Mtoto anayesikia vilio vya namna ile hasahau upesi.

Shuleni hakuwa wa kwanza. Alipenda sana kuchora. Walipomtuma Paris akiwa na miaka 15 alishikwa na hamu ya kwao, mpaka baba yake akaenda kumrudisha. Katika mtihani wa serikali wa mwaka 1842 alipata alama ya chini katika kemia! Wale waliopata pointi mbaya muhula huu wanaweza kujifariji, lakini wasijifariji kupita kiasi, kwa sababu yeye alirudi kusoma usiku na mchana. Akawa mtu wa kemia. Hakuwa munganga hata siku moja, na jambo hili litamletea shida mbele.

Kazi zake ni nyingi, nitazipita upesi. Alionyesha kwamba vile vijidudu vinavyoozesha chakula havizaliwi toka kwa bure, na kwamba moto wa kipimo unaviua. Ndiyo maana jina lake limo ndani ya neno lililoandikwa juu ya boksi za maziwa. Aliokoa ufugaji wa viwavi wa hariri, alitengeneza chanjo ya kuku na ya kondoo. Nyumbani alizika watoto watatu wa kike, wawili kwa tifoidi. Mwaka 1868, akiwa na miaka 45, mshipa ulipasuka kichwani, na tangu hapo mkono na mguu wa kushoto havikuwa na nguvu tena mpaka kufa kwake.

Mwaka 1880 alianza kutafuta ule wazimu wa mbwa, unaoitwa kwa Kifaransa la rage. Ni ugonjwa wa kutisha: mgonjwa ana kiu lakini akiona maji koo linakaza, na akifika hapo, karibu hakuna anayepona, hata leo. Pasteur alitafuta mdudu wake kwa mikroskopi asimwone. Kumbe ni virusi, ndogo kupita uwezo wa mikroskopi za wakati ule. Pamoja na msaidizi wake Emile Roux alipitisha ugonjwa toka sungura mpaka sungura, akachukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa, akautundika ndani ya chupa yenye hewa kavu. Siku kwa siku sumu ilipungua, na baada ya siku 14 hivi haikuua tena. Alianza kuwapiga mbwa sindano ya ile dhaifu, kesho yake iliyo kali kidogo, mpaka kali kabisa. Mbwa hazikuugua.

Hapa niombe msomaji asikilize vizuri, kwa sababu ndipo akili yake kubwa ilipo. Wazimu wa mbwa hauna haraka. Toka kidonda unapanda polepole kufuata mishipa ya fahamu mpaka ubongo, mara nyingi mwezi moja mpaka mitatu. Ni sawa treni ya mizigo iliyotoka Likasi kwenda Lubumbashi. Anayepanda motokaa siku ileile ataitangulia. Anayengoja mpaka treni iingie gare, hana tena la kufanya. Pasteur alifikiri: kwa nini tusimfundishe mwili kujilinda wakati ugonjwa ungali njiani?

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja alifika kutoka Alsace na mtoto wake, Joseph Meister, miaka 9. Mbwa ilikuwa imemuuma siku mbili mbele, mahali 14. Pasteur alikuwa hajawa tayari. Vitabu vyake vya kazi, ambavyo jamaa yake ilivifunga miaka mingi, vimeonyesha kwamba njia aliyoitumia ilikuwa haijamaliza kujaribiwa juu ya mbwa jinsi watu walivyodhani. Akikataa, mtoto huenda atakufa. Akikubali na mtoto akafa, atakuwa mwuaji. Tena sheria haikumruhusu kushika sindano. Aliita waganga, nao wakaona mtoto hana tumaini lingine, na munganga Grancher ndiye aliyepiga. Sindano 13 kwa siku 10 chini ya ngozi ya tumbo, ya mwisho ikiwa kali kupita zote. Pasteur hakulala vizuri. Joseph alipona, na akiwa mtu mzima alikuwa mlinzi wa mlango pale Institut Pasteur.

Mwezi wa Oktoba akaja Jean-Baptiste Jupille, mchungaji wa kondoo wa miaka 15, aliyepigana na mbwa mwenye wazimu ili wadogo wake wakimbie. Alipona yeye pia. Lakini Novemba waliletwa wazazi na Louise Pelletier, miaka 10, aliyeumwa kichwani siku 37 mbele. Pasteur alijua wamechelewa. Hakuweza kuwafukuza. Louise alikufa mwanzo wa Desemba.

Machi 1886 walifika Warusi 19 kutoka Smolensk, walioumwa na mbwa-mwitu karibu majuma mawili mbele. Watatu walikufa, 16 walirudi kwao. Nikifikiri watu wetu wa Mitwaba wanaosafiri kwa kinga siku nzima juu ya ile barabara, nawafikiria wale Warusi.

Pesa zilitoka kila nchi, Institut Pasteur ikafunguliwa mwaka 1888. Mwaka 1908 tawi lake lilianza Brazzaville, ng'ambo ya mto Kongo. Yeye alikufa tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo sasa ni siku ya dunia nzima ya kupigana na wazimu wa mbwa.

Lakini ugonjwa haujaisha. Shirika la Afya la Dunia linahesabu watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi katika Asia na Afrika, na 4 juu ya 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa. Leo sindano ni chache, zinapigwa kwenye mkono, na kidonda kibaya kinaongezewa serumu. Kama 70 juu ya mbwa 100 za mahali zimechanjwa, ugonjwa unakatika. Na mbwa iliyouma, kama inaweza kufungwa bila hatari, ifungwe iangaliwe siku 10: ikibaki mzima, mtu anapumua. Vijana wetu waliiua, kwa hiyo hatukuweza kujua kitu.

Mama ya mtoto hakungoja mshahara. Aliuza cherehani. Dawa haikupatikana siku ya kwanza, ilikuja kwa basi kutoka Lubumbashi ndani ya termosi ya barafu. Wiki hii mtoto amepigwa sindano ya mwisho. Kidonda kimefunga, na kovu analionyesha kwa kila mtu anayepita.

Mwanafunzi wa Kemia-Biolojia