Omar Said Bakor: Mpiga picha wa Lamu aliyecheza na kivuli

Juzi nilikwamishwa na mvua Chepseon, kituo kidogo kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kericho. Nikajikinga katika kibanda cha mpiga picha. Nje ni michai mpaka macho yachoke, lakini ukutani mle ndani kulikuwa na pazia lililochorwa minazi, bahari na jahazi. Vijana wanaochuma chai wakiingia na gambuti zao, wakisimama mbele ya bahari ambayo pengine hawajaiona, wakipigwa picha. Nilitabasamu, kisha nikamkumbuka marehemu Omar Said Bakor.

Wengi wa rika langu tunalijua jina la Studio Bakor ya Lamu. Wachache wanajua kuwa mwenyewe ni miongoni mwa wasanii waliokwenda mbali zaidi katika picha za kamera hapa Afrika Mashariki.

Bakor alizaliwa Lamu mwaka 1932, katika ukoo wenye asili ya Yemen. Hakusomea upigaji picha chuoni. Alijifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kukosea. Kwanza alikuwa mpiga picha wa mtaani, akiwafuata watu walipo, na katika miaka ya 1960 akafungua studio yake mjini Lamu. Riziki ilitoka kwenye kazi za kawaida: picha za paspoti, za kitambulisho, za familia siku ya Idi. Lakini roho yake ilikuwa kwenye chumba cha giza.

Huko ndiko alikofanya yake. Picha za zamani zilioshwa kwa mkono: mwanga unapita kwenye negativu na kuangukia karatasi, kisha karatasi inatiwa kwenye dawa mpaka sura ijitokeze. Mpiga picha wa kawaida hutaka karatasi ifanane na alichokiona. Bakor alitaka zaidi. Ukikata kipande cha kadi na kuziba sehemu ya karatasi, unaweza kumulika negativu moja upande huu na nyingine upande ule. Ukikosea kidogo tu, karatasi imeharibika na pesa imekwenda. Kwa ufundi wa kukata na kuunganisha namna hiyo, aliwatoa watu mahali walipokaa akawaweka pengine: sura ikachomoza katikati ya ua, mtu mmoja akaonekana zaidi ya mara moja katika picha moja. Hakukuwa na kompyuta wala simu. Ni mkasi, mwanga na subira.

Matokeo yake si picha ya mahali fulani wala saa fulani. Mtu anaelea, hana ardhi chini wala ukuta nyuma, amezungukwa na umbo na pambo. Wataalamu wa leo wangeiita sanaa ya dhahania. Mimi naona ni jambo tulilolizoea. Sisi ni watu wa nakshi: milango yetu, plasta za nyumba za mawe, kofia za vitobo. Macho yetu yamefundishwa kupenda pambo kabla ya kupenda sura.

Na hapo pana suala la dini, ambalo hatuwezi kulikwepa. Hadithi za kukemea watengeneza sura zinajulikana, na masheikh wamekhitalifiana kuhusu kamera. Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyefariki 1935, alijuzisha picha za kamera kwa hoja kwamba ni kuzuia kivuli tu, kama kioo, si kuumba. Wengine hawakukubali, na mpaka leo wapo wasiokubali. Bakor alifanya kazi katikati ya mji wa misikiti na vyuo, ambako pia sitara ya mwanamke ni jambo zito. Sidai kwamba picha zake zilimaliza mjadala huo. Nasema tu kwamba aliishi ndani yake, na watu wa mji wake hawakuacha kuingia studioni.

Alifariki mwaka 1993, na wanawe wakaendeleza studio. Nje ya Kenya, kazi yake ilitangazwa zaidi na mtafiti wa Ujerumani, Heike Behrend, ambaye kitabu chake kuhusu picha katika pwani ya Afrika Mashariki kilitoka mwaka 2013. Namshukuru. Lakini inauma kwamba ili kumjua mzee wetu, inabidi tupitie Ulaya.

Basi tufanye nini? Wako wanaosema picha zote za zamani zipelekwe makumbusho, zitiwe kwenye intaneti, dunia izione. Mimi nasita. Mwanamke aliyepigwa picha mwaka 1970 kwa ajili ya mumewe hakutoa idhini aonwe na dunia nzima. Ile ni amana. Lakini kuziacha zikaliwa na mchwa na chumvi ya bahari si kuhifadhi amana pia. Njia ya kati ipo: kila familia ifungue kasha lake, iandike nyuma ya picha nani ni nani wakati wazee wangali hai, kisha yenyewe iamue ipi itoke na ipi ibaki ndani.

Tuanze na hilo, kabla hawajabaki watu wasio na majina wanaoelea kwenye karatasi. Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Bakor. Amin.