Seyyid Barghash: Sultani aliyepambana na kimbunga na mikataba

Seyyid Barghash bin Said alishika utawala wa Zanzibar Oktoba 1870, baada ya kifo cha kaka yake Majid. Kabla ya hapo, mwaka 1859, alijaribu kumpindua kaka huyo, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay, mji ambao tayari ulikuwa kitovu kikubwa cha biashara katika Bahari ya Hindi.

Uchumi aliourithi ulitegemea mambo machache: karafuu, pembe za ndovu, biashara ya watumwa na ushuru wa forodha. Forodha yenyewe ilikodishwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, aliyemlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka.

Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi iling'oka, na merikebu za Sultani zikaharibika bandarini. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo hasara haikuwa ya msimu mmoja. Wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa kwa kuweka rehani mashamba yao, na sasa dhamana hiyo ilibaki ardhi isiyo na miti.

Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Karafuu zilipoadimika bei ilipanda, na wakulima wa Pemba ndio waliovuna faida. Tangu hapo kisiwa hicho kimekuwa mzalishaji mkuu wa zao hilo.

Kabla majeraha hayajapona, Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere mwanzoni mwa 1873 kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Barghash alikataa, akitoa hoja kwamba kimbunga kilikuwa kimewafilisi watu wake. Alipotishiwa kuzingirwa bandari kwa manowari alisalimu amri, akatia saini Juni 5, 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Biashara hiyo ya kikatili haikuisha siku hiyo, kwani iliendelea kwa magendo.

Pamoja na pigo hilo, Barghash aliweka fedha katika usafiri. Alinunua meli za moshi zilizobeba abiria na bidhaa kati ya Unguja na Bombay, na mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa simu ya waya. Pembe za ndovu na mpira kutoka bara viliendelea kupitia bandari yake. Mwaka 1883 jumba la Beit al-Ajaib lilikamilika.

Hatari iliyomshinda ilitoka bara. Wajerumani walidai maeneo mwaka 1885, na makubaliano ya 1886 yalimwachia visiwa na ukanda wa maili 10 wa pwani. Alifariki Machi 1888.

Kwa wafanyabiashara wa mipakani, maisha yake yana fundisho moja: anayetegemea zao moja na njia moja hupoteza vyote upepo unapogeuka, uwe wa baharini au wa kisiasa.