Robert Daniel Lawrence

Robert Daniel Lawrence (anajulikana zaidi kwa jina la Robin Lawrence; Aberdeen, Uskoti, 18 Novemba 1892 – London, Uingereza, 27 Agosti 1968) alikuwa daktari bingwa wa ugonjwa wa kisukari katika Hospitali ya King's College, London. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari, na aliishi kwa sindano za insulini kwa miaka 45 huku akifanya kazi ya udaktari. Ni mmoja wa waanzilishi wa chama cha wenye kisukari cha Uingereza na rais wa kwanza wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari.

Maisha ya awali

Lawrence alisoma katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, kwanza lugha na baadaye udaktari, akahitimu mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi kama daktari nchini India. Baada ya vita alipata kazi katika Hospitali ya King's College, akakusudia kuwa mpasuaji wa masikio.

Mwaka 1920 alikuwa akijifunza kwa maiti namna ya kupasua mfupa ulio nyuma ya sikio. Patasi ilirusha kibanzi cha mfupa kikamwingia jichoni, na jicho likapata maambukizi. Alipolazwa, mkojo wake ulipimwa ukakutwa na sukari. Hivyo akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja na pia akagundulika kuwa na kisukari, naye hakuwa bado na umri wa miaka 30.

Safari ya kurudi London

Wakati ule kisukari cha vijana kilikuwa hukumu ya kifo. Tiba pekee ilikuwa kupunguza chakula sana, kiasi cha mgonjwa kukonda na kubaki mifupa mitupu. Lawrence aliacha ndoto ya upasuaji, akahamia Florence, Italia, ambako aliendelea kutibu wagonjwa akingoja mwisho wake.

Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini iliyotayarishwa na kundi la Frederick Banting. Majira ya baridi yaliyofuata, Lawrence aliugua kifua na kisukari chake kikazidi. Mwaka 1923 mwenzake wa London, mkemia G. A. Harrison, alimpelekea habari kwamba dawa mpya imepatikana, inafanya kazi, na arudi upesi. Ingawa alikuwa dhaifu mno, alisafiri kwa gari kuvuka Ulaya. Alipata sindano yake ya kwanza tarehe 31 Mei 1923.

Kisukari na kazi

Baada ya kupata nafuu, Lawrence alianza kazi katika maabara ya hospitali hiyohiyo, kisha akaongoza kliniki ya kisukari, iliyokuja kuwa kati ya kubwa kabisa nchini Uingereza.

Insulini iliokoa maisha lakini ilileta hesabu mpya ya kila siku. Insulini ya miaka ile ilifanya kazi kwa saa chache tu, kwa hiyo wagonjwa wengi walijichoma kabla ya chakula cha asubuhi na tena kabla ya chakula cha jioni. Sindano za kioo zilichemshwa, na mkojo ulipimwa kwa kuchemshwa pamoja na dawa inayobadilika rangi. Kipimo hicho kilionyesha sukari iliyozidi, lakini hakikuonya kwamba sukari ya damu inashuka. Anayechelewa kula baada ya sindano hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na asipopewa kitu kitamu huweza kuzirai.

Lawrence alitunga mpango rahisi wa mlo. Vyakula viligawanywa katika mafungu: fungu jeusi lilikuwa na gramu 10 za wanga, na fungu jekundu lilikuwa na protini na mafuta. Mgonjwa aliweza kubadilisha chakula kimoja kwa kingine bila kuvuruga hesabu. Mwaka 1925 alitoa kitabu The Diabetic Life, kilichosomwa na madaktari na wagonjwa na kuchapwa mara nyingi.

Mwaka 1926 alichapisha utafiti unaoonyesha kwamba kazi ya mwili huongeza nguvu ya insulini. Kanuni hiyo inamhusu pia mkulima wa Nyakakika, wilayani Karagwe: siku ya kupalilia migomba tangu asubuhi si sawa na siku ya kukaa ofisini. Kwa hiyo anayetumia insulini hupanga dozi na chakula pamoja na mhudumu wake wa afya, na hubeba sukari hadi shambani.

Vyama

Mwaka 1934 Lawrence na mwandishi H. G. Wells, aliyekuwa pia na kisukari, walianzisha chama kilichowaunganisha wagonjwa na madaktari. Leo kinaitwa Diabetes UK. Mwaka 1950 likaundwa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, naye akawa rais wake wa kwanza. Chama cha Kisukari Tanzania ni mwanachama wa shirikisho hilo.

Familia, kifo na kumbukumbu

Lawrence alioa mwaka 1928 akapata watoto watatu wa kiume. Alifariki akiwa na umri wa miaka 75, miaka 48 baada ya kugundulika kuwa na ugonjwa huo. Kila mwaka Diabetes UK hutoa mhadhara wenye jina lake kwa mtafiti chipukizi wa kisukari.